Ng'ombe Aliyependwa na Kijiji Kizima

Benchi la kahawa la Bi Mwanarusi liko pale Mkongani njia inapopinda, ubavuni mwa boma la Mzee Mwero. Ukikaa hapo asubuhi ya manyunyu, mvuke wa kahawa ukichanganyika na ukungu, utasinzia macho wazi na hakuna atakayekusumbua. Asubuhi hiyo Mwero mwenyewe alikaa hapo nusu macho, nusu ndotoni, kwa hofu. Ng'ombe wake Nyange, mweupe, mwenye mimba, alikuwa amevimba ubavu wa kushoto tangu alfajiri, ngozi imewambwa kama ngoma. Aliyemwachia Nyange ni marehemu mkewe, Dama, aliyemnunua akiwa ndama kwa pesa za kusuka makuti. Daktari wa mifugo alishapigiwa simu, yuko njiani kutoka Kwale. Kilichobaki kilikuwa kungoja, na kungoja pamoja na watu wale, jamani, ni adhabu ya pili.

Kombe ndiye aliyeanza. Wanamwita Redio kwa sababu hazimi.

— Yakhe Mwero, huyo kapigwa jicho. Ng'ombe gani anapendwa na kijiji kizima? Kila nyumba inampelekea ndoo asubuhi! Mimi jirani zangu hawaniletei hata chumvi.

Maneno yale yalimwingia Mwero vizuri. Kweli, Nyange alipendwa. Tangu Dama afariki, kila kukicha watu walipita na ndoo za maganda na makombo, wakamwaga horini, wakasema, "Kula, mama." Mwero alizisikia ndoo zile akiwa kitandani, na moyo wake ukamwambia hajaachwa peke yake duniani.

— Jicho wapi! akasema Mangi, ambaye wanamwita Profesa ingawa darasa la mwisho alilosoma hata yeye halikumbuki. Tazameni huu ukungu. Haya ni mawingu yaliyochoka kukaa juu. Yameshuka, ng'ombe kayavuta puani. Huyo ana wingu tumboni.

— Ati wingu? Prof, buda, wacha mchezo, akasema Kisilu, kijana wa Kitui anayeuza nyanya.

— Wallahi vile. Mguse, utasikia linanguruma.

— Ananguruma kweli, akakiri Mwanarusi, akimimina kahawa.

Redio akapiga goti lake.

— Basi ndiyo maana mvua yetu haifiki! Imo humo!

— Ikizidi, akasema Profesa kwa sauti ya chini, atanyanyuka.

Hakuna aliyecheka. Mwero akafumba macho akamwona Nyange akipanda polepole juu ya minazi, mweupe ndani ya weupe, miguu ikining'inia, akielekea baharini, mpaka wageni wa kule kisiwani Chale wanatoka hotelini kumpungia mikono. Na Dama alikuwa huko juu, kakunja kanga kiunoni, anamwita kwa kuchekelea. Mwero akataka kulia. Akajikuta ameshika kamba ya hewa.

Pikipiki ikamzindua. Daktari Eunice alishuka na mfuko wake, akasalimu wazee shikamoo, akaingia bomani moja kwa moja, Mwero nyuma yake. Alimpapasa Nyange ubavu, akampitishia mpira mrefu kooni. Upepo ukatoka, fuuu, ukatoka tena na tena, na harufu ikafika mpaka benchini.

— Mbona kama pilau? akauliza Kisilu.

— Pilau iliyochacha, akasema Mwanarusi, akaziba pua kwa leso.

— Wingu linalokula pilau, akanong'ona Profesa. Hili ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Ubavu ukashuka. Nyange akapiga chafya, akatikisa masikio. Mwero akasema alhamdulillahi, akamwegemea shingoni.

— Atapona, mzee, na ndama wake. Lakini kala nini huyu?

Mwero akaona hajui. Akawatazama wenzake.

— Mimi nilimpa pilau ya harusi ya jirani yetu Ziro, akasema Mwanarusi. Sufuria moja tu. Ilikuwa imelala, na chakula cha shughuli ni neema, hakitupwi.

— Hata mimi, akasema Redio. Sufuria moja tu.

— Mimi nilimwagia maganda ya muhogo, akasema Profesa. Yalikuwa yameanza kunuka, mke wangu alikuwa ananipigia kelele.

— Na mimi nyanya, akasema Kisilu. Zile za kuoza. Si mtu hangezinunua.

Eunice akaukunja mpira wake taratibu. Hakuwa na hasira, wala hakucheka.

— Wali mwingi kwa mpigo humvimbisha ng'ombe. Na maganda ya muhogo mabichi yanaweza kumuua. Asile makombo tena, hata kidogo. Kila nyumba ichimbe shimo, itengeneze mbolea.

— Sawa, daktari, wakasema wote pamoja.

— Kwa sasa taka za jikoni mnatupa wapi? Jaa lenu liko wapi hapa?

Redio akazima. Profesa akatazama ukungu, lakini ukungu ulishaondoka. Mwanarusi akakoroga kahawa isiyohitaji kukorogwa. Kisha, mmoja baada ya mwingine, bila kupenda, wakageuka wakamtazama Nyange.

Mwero aliwaona wakigeuka. Alisimama kidogo, mkono ungali shingoni mwa ng'ombe. Kisha akaliendea lango la boma, akalivuta, akalifunga kwa kamba, akabaki ndani.