Maximilla wa Kitanga, Aliyelima kwa Kengele

Ndugu waombolezaji, majirani wa Kitanga, wageni mliosafiri tangu jana kutoka Gwarama, na ninyi mliopanda kutoka Kasulu mjini, familia inaomba mwenye nafasi aketi na asiye na nafasi avumilie, maana karatasi hii imeandikwa na shemeji wa marehemu, Pasikali, ndiye huyu anayeisoma, na hakutaka kuifupisha.

Marehemu Maximilla alizaliwa tarehe 3 Machi 1943 huko Gwarama, wilayani Kibondo, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa mzee Ndihokubwayo na mama Ntirampeba, akabatizwa mwaka huohuo, akaanza shule mwaka 1953 na kumaliza darasa la nne mwaka 1956, na angeendelea mbele kama shule ya kati isingekuwa mbali na kwao. Dada zake wanasema tangu utotoni alikuwa mtu wa kumaliza, akianza tuta haliachi mpaka afike mwisho, hata mvua imnyeshee, na tabia hiyo ilimletea sifa nyingi kabla haijamletea taabu.

Jumamosi tarehe 18 Julai 1964 alifunga ndoa na Kipriani, akahamia hapa Kitanga, wakajaliwa watoto watatu, Uwimana aliyezaliwa mwaka 1965, mtoto wa kiume aliyeishi siku kumi na moja mwaka 1967, na Reverien aliyezaliwa mwaka 1969. Kazi yake ilikuwa kilimo, na hilo hamhitaji kuambiwa, kwani tulipohamia kijiji cha ujamaa mwaka 1974 ni yeye aliyekuwa akiwahi shamba la kijiji kuliko wanaume, na jembe lake lilikuwa limeliwa na ardhi mpaka likabaki dogo kama kijiko.

Tarehe 20 Februari 1975 macho yake yaligeuka manjano, akapelekwa hospitali Kasulu, akalazwa wiki tano, daktari akaeleza kwamba ini limeshambuliwa na virusi, vijidudu visivyoonekana hata kwa darubini iliyokuwepo pale. Manjano yakaisha, akarudi nyumbani tarehe 28 Machi, lakini nguvu hazikurudi naye. Siku akiamka mwepesi alishika jembe tangu alfajiri hadi saa saba mchana ili afidie siku alizolala, kisha akaanguka kitandani siku tatu asiweze hata kuinua chungu, na akipata nafuu anarudia yaleyale. Sisi tuliomtazama tulisema mtu anayelima leo na kulala kesho hana ugonjwa, ana hiari.

Mnakumbuka miaka ile neno kupe lilivyokuwa midomoni mwa watu, likisemwa mikutanoni na kuimbwa na watoto wa shule, yaani mtu anayenyonya jasho la wenzake. Tarehe 9 Agosti 1975, katika kikao cha ukoo kilichohudhuriwa na majirani pia, Pasikali alisimama akasema nyumba ya mdogo wake imeingiwa na kupe, akapendekeza Maximilla arudishwe kwao Gwarama na Kipriani atafute mke mwenye mikono. Mama mkwe, bibi Kezia, aliitikia kwa kichwa, Kipriani akatazama miguu yake. Ndipo Maximilla, aliyekuwa ameketi mlangoni, akasema, "Nipeni msimu mmoja. Nisipovuna ekari yangu mwenyewe, nitafunga nguo zangu bila kusukumwa."

Wiki iliyofuata alijikongoja mpaka hospitali, akamkuta muuguzi Theodosia, ambaye alipowahudumia wagonjwa wa ukoma alikuwa amejifunza tiba ya kumrudisha mgonjwa kwenye kazi zake mwenyewe. Theodosia hakumpa kidonge, alimuuliza siku yake inavyokwenda tangu kuamka hadi kulala, kazi ipi anaifanya amesimama na ipi ameketi, kisha akamwambia kwamba kosa lake si uvivu, kosa lake ni bidii, kwa sababu anasubiri achoke ndipo apumzike, na mwili wake sasa unataka kupumzishwa ungali na nguvu. Kwa kuwa marehemu hakuwa na saa, walikubaliana atumie kengele ya shule, lile rimu la gari linalosikika Kitanga nzima, kipindi kimoja alime na kipindi kinachofuata aketi, mihogo aimenye ameketi kwenye kigoda, na maji abebe nusu debe mara mbili badala ya debe zima mara moja.

Watu walicheka sana, wakamuuliza yuko darasa la ngapi, akawajibu kwamba la nne alishamaliza, sasa yuko la tano. Lakini nyumbani alilia, kwani kuacha tuta katikati kwa sababu rimu limelia kulimshinda kuliko ugonjwa wenyewe.

Mwezi wa Desemba shule ilifungwa, kengele ikanyamaza wakati magugu yanaota, naye akalima siku mbili mfululizo bila kituo, akaanguka siku nne. Safari hii bibi Kezia ndiye aliyemwogesha, akamwona analilia jembe lake na huku hata kata ya maji imemshinda kushika, akatoka nje akasema kwamba mvivu halii kwa kukosa jembe. Siku hiyohiyo alining'iniza jembe bovu kwenye boriti ya jiko, akawa analigonga kwa kutazama kivuli cha nyumba, akiita, "Mama Uwimana, ichara! Keti hapo!" Vipindi vya kulima vya bibi vilikuwa vifupi kuliko vya mwalimu, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Tarehe 12 Juni 1976 Maximilla alimaliza kuvuna ekari yake, magunia saba ya mahindi, na suala la Gwarama halikutajwa tena. Hakupona kabisa, ila alilima hivyohivyo misimu mingine mitatu, akamsomesha Uwimana mpaka akamaliza darasa la saba mwaka huu. Pasikali alikula mahindi hayo, akayasifu, na lililompasa kusema hakulisema.

Tarehe 2 Novemba 1979 alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa tena Kasulu, akafariki Jumatano tarehe 14, saa nne asubuhi, akiwa na miaka thelathini na sita, ameacha mume na watoto wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa dada Theodosia aliyekaa naye hata zamu yake ilipokwisha, inamshukuru mzee Abdulrahmani wa dukani aliyetoa gari lake bila kuombwa mara mbili, wakulima wenzake wa shamba la kijiji, na majirani waliochimba kaburi kwenye mvua.

Liko jambo moja limebaki. Jumanne mchana Pasikali alikwenda hospitali kwa miguu, amedhamiria kuomba msamaha, akamkuta Maximilla amelala, usingizi wake wa kwanza tangu Ijumaa. Theodosia alisema akitaka anaweza kumwamsha. Pasikali aliketi kando ya kitanda mpaka jua likaelekea kushuka, akamtazama anavyopumua, akaona haya kumkatiza mapumziko mtu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumtukana kwa kupumzika, akainuka akarudi Kitanga. Kwa hiyo msamaha unaombwa leo, mbele ya masikio yaleyale yaliyosikia tusi.

Pasikali hakukuamsha, shemeji. Pumzika kwa amani.