Nukta Nyeupe za Fundi

Wasikilizaji wapendwa, Fundi Nukta hatunaye. Ametutoka Jumanne asubuhi, gerejini kwake, spana mkononi. Alikuwa na miaka sitini na mitatu.

Jina la Nukta alipewa na wateja. Kila nati aliyoikaza aliitia nukta ya rangi nyeupe kwa njiti ya kibiriti. "Ili nikikosea nisimsingizie mtu," alikuwa akisema. Mafundi wenzake walimtania eti anazipaka injini vipodozi. Wala hakujali.

Binti yake wa pekee ni mkunga. Alinunua gari jipya, lenye dhamana ya miaka mitatu. Lakini mlima wa kwenda zahanati lilikuwa likiupanda kwa kujikongoja. Baba akaona uchungu wa uzazi haumsubiri mtu. Akalifunga tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, akabadilisha na mipangilio ya kompyuta ya gari. Karatasi ya dhamana hakuisoma. Gari likapaa! Binti akamkumbatia na grisi zake zote.

Mwezi wa nne tangu hapo, injini ikafa. Narudia, wasikilizaji wangu: injini ilikufa, dhamana ingali hai. Mkaguzi wa kampuni akainua boneti, akaona tabo, akaona nukta nyeupe kila mahali.

"Taa na breki bado tunazihudumia," akasema. "Injini imeharibiwa na hiki mlichoongeza. Hiyo haimo kwenye dhamana."

Nje, binti akamgeukia mzee. "Baba, si ungelitoa hilo dude na kufuta hizo rangi kabla hatujaja?"

"Nifute kazi yangu, mwanangu? Kosa ni langu."

"Basi kaa nalo."

Miezi minane hawakusemezana. Miezi minane! Binti alipanda mlima ule kwa miguu. Baba alishinda gerejini kwenye gari lile, akirudisha vipuri vya kiwandani kimoja kimoja. Dada wa marehemu anatuambia: "Kaka yangu chakula kilikuwa hakimpiti. Nikimwambia mpigie mtoto, ananijibu, 'Nitampigia likiwaka.'"

Jumatano, siku moja baada ya msiba, binti alifungua boneti. Nukta, nukta, nukta. Nati moja tu haikuwa na rangi. Akaikaza kwa mkono wake, akawasha. Gari likawaka mara ya kwanza. Kwa furaha akachomoa simu, akabonyeza namba ya baba yake. Ikaita ndani ya koti lililotundikwa ukutani, pale pale gerejini.

Mkunga wetu, shangazi, na familia nzima, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nawe unayenisikiliza, kabla hujaigusa injini yenye dhamana, soma ile karatasi, uliza. Na kama kuna mtu umemnunia, usingoje gari liwake. Mpigie sasa, angali yupo wa kupokea.