Sista Taratibu na Mikono Yangu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali, waheshimiwa wajumbe wa bodi, madaktari na wauguzi wenzangu, shemeji yetu na watoto wa Sista, ndugu wageni waalikwa:

Nimeombwa nimsifu muuguzi anayestaafu leo, huyu tunayemwita Sista Taratibu. Mtaniwia radhi, maana nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Miaka tisa iliyopita mgonjwa alinifia kwenye meza ya upasuaji. Uchunguzi ulisema sikukosea, lakini nani aliwahi kulala usingizi kwa sababu ya karatasi ya uchunguzi? Wiki mbili baadaye niliandaliwa mgonjwa mwingine, fundi seremala, yule pale mstari wa tatu anayecheka. Nikiwa kwenye sinki nanawa, mikono ikaanza kutetemeka.

“Sista, mwite daktari mwingine,” nikasema. “Siwezi. Naogopa.”

Hakunipa pole. Wala hakuniambia nijikaze. Akauliza, “Umejuaje kwamba unaogopa?”

“Si naiona hofu! Iko hapa kifuani.”

“Na huko kuiona, nako kunatetemeka?”

Ndugu zangu, nikageuka kuitazama. Hofu ilikuwepo, moyo ulidunda, maji ya moto yalinitiririka viwikoni, sabuni ilinukia. Vyote vilijulikana, na kule kujua kulikuwa kumetulia tu, hakukimbii, hakufukuzi kitu. Sikupona hofu. Ila iliacha kunishika shingo, na baada ya muda mikono ikatulia. Tukaingia. Saa tatu baadaye fundi alikuwa wodini akidai chai.

Nilipomwuliza Sista ameyatoa wapi hayo, akanieleza habari za mtawa wa Kibudha aliyelazwa kwetu na nyonga iliyovunjika. Kila asubuhi, Sista akimbadilishia bandeji, yule mzee alimfundisha kukaa na kutazama pumzi: wazo likija, ajue limekuja, likiondoka, ajue limeondoka. Mtawa alirudi kwao. Sista akaendelea kukaa, dakika ishirini kila siku, kwenye kiti cha plastiki kule stoo ya mashuka.

Nami nikaanza kukaa. Baada ya mwezi nikamwendea kwa mbwembwe: “Sista, nimempata! Huyo anayejua ndiye mimi wa kweli!”

Akacheka mpaka barakoa ikamvuka. “Dokta, mtawa wangu angekunyang'anya na huyo pia. Kujua kupo. Hebu mtafute mwenye kujua, uone kama utamshika. Haya, mgonjwa anasubiri.”

Bado namtafuta, Mheshimiwa, na wala sina haraka.

Sista, juzi ulininong'oneza kwamba asubuhi ile ya fundi nawe uliogopa kuliko mimi. Miaka tisa hukusema! Kumbe tulikuwa waoga wawili kwenye sinki moja, na mmoja wetu alikuwa macho. Hiyo ndiyo sifa niliyokuja kukupa, sina kubwa zaidi.

Nenda kapumzike, dada yangu. Nanyi nyote, ahsanteni sana kwa kunitegea masikio.