Nitampitia Jioni

Basi lilipoondoka hospitali, mshonaji alijifanya anatazama nje, kumbe masikio kayatega kwenye kiti cha mbele yake, alikokaa mama mmoja na mwanawe, fundi magari.

"Eti 'mfanyieni sevisi, nitampitia jioni'! Mimi, mama yako, mbele ya manesi!" Fundi akanong'ona, "Mama, ni maneno tu, kila mtu husema." "Maneno hayanitoboi. Ila uliondoka kweli! Si wewe unayewasema wenye magari wanaokutupia funguo wakaenda zao, bila kungoja kuambiwa gari lina nini?"

Fundi akajikuna kichwa. Leo kapatikana, mshonaji akawaza, na wala hakumwonea huruma.

Basi likasimama. Fundi akanyoosha mkono amshike mama ashuke.

"Niache! Tangu tupande hujaniuliza daktari kasema nini."