Saynab Rage na Mguu Usio na Kosa

Bismillahi. Wazee wetu, akina mama na ndugu mliofika kutupa pole, dada yetu Saynab Rage alizaliwa Rhamu tarehe 14 Machi 1984, binti pekee wa Mzee Rage, mfugaji wa ngamia, na mama yetu Weris. Alisoma shule ya msingi papo hapo, na alikuwa na miaka kumi na miwili mguu wa kulia wa baba ulipoanza kuburuta, wazee wakauchoma kwa chuma cha moto kama ilivyo desturi yetu, kidonda kikaoza, mguu ukakatwa, kumbe ugonjwa ulikuwa kiunoni.

Hilo ndilo lililompeleka Nairobi, akahitimu utabibu wa viungo mwaka 2006, na tangu Januari 2007 akafanya kazi hapa Garissa, akiwapapasa wagonjwa pingili za chini za mgongo huku akiwaeleza kwamba mzizi huu wa neva huinua paja, unaofuata hunyoosha goti, wa tatu huinua wayo, wa nne huinua kidole gumba, na wa mwisho humsimamisha mtu kwa ncha za vidole, basi mguu ukilegea msiuchome, mguu hauna kosa. Kwa hilo alikuwa mkali, hata wazee walimkwepa.

Tarehe 9 Agosti 2009 aliolewa na Sakariye, mfanyabiashara wa mifugo, wakajaliwa Iftin na Ruweyda.

Februari 2024 alijaribu kusimama kwa vidole afikie kabati, akashindwa, akajua kabla ya daktari. Uvimbe uliokuwa mgongoni ulipanda mzizi kwa mzizi, naye akatutajia zamu yake, kidole gumba, wayo, goti, hadi paja. Desemba, dawa zilipogonga mwamba, mama alipasha chuma moto, maana hakujua afanye nini tena, na Saynab hakumzuia, akamwomba tu Sakariye amnyooshee mguu. Mama aligusa wayo kwa chuma hicho, akangoja mwanawe ashtuke, hakushtuka, ndipo akaelewa kwamba ugonjwa haukuwa mguuni, akakiangusha chuma na kulia. Saynab akamwambia, "Hooyo, mguu hauna kosa, na wewe huna kosa."

Alifariki Ijumaa, 17 Januari 2025, tukamzika alasiri hiyohiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wenzake wa kazini waliombeba alipokuwa hawezi hatua. Mama ndiye aliyetaka haya yasomwe yeye akiwapo, na chuma kile amekitupa katika mto Tana kwa mkono wake.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pumzika kwa amani, Saynab, mama amekusikia.