Tapeli Mwenye Adabu

Bajaji ya Bagamoyo ilikuwa haijafika hata Zinga, na Mina alikwisha acha kujifanya anatazama barabara. Kulia kwake alikaa Hamood, muuza saruji; kushoto, Rukaya, karani wa ofisi ya kata. Ugomvi wao ulipita juu ya mapaja yake.

"Barua yangu ya utambulisho imekwama kwenye kompyuta yenu," alisema Hamood. "Matapeli wameifunga. Neno la siri walilipata wapi?"

"Niliwapa mimi," alijibu Rukaya, wala hakuinamisha macho. "Alipiga kijana, akasema ni fundi wa halmashauri. Shikamoo yake imenyooka! Akaulizia watoto, akaulizia mama, mpaka nikamweleza habari za mguu wa mama unaomsumbua. Akanipa pole. Mtu kama huyo utamnyima nini?"

Mina, ambaye mumewe hajawahi kuulizia mguu wa mtu yeyote, alimwelewa kabisa.

"Na fundi wa kweli?" aliuliza Hamood. "Mbona haji kuifungua?"

"Alipiga jana. Hana hata salamu! 'Wewe ndiye karani? Washa kompyuta.' Nikajua huyu sasa ndiye tapeli, nikamkatia simu."

"Astaghfirullah!"

Bajaji ikasimama stendi. Hamood akashuka, akamlipa dereva, akaenda zake bila kuaga.

Rukaya akamsindikiza kwa macho, kisha akamgeukia Mina. "Umemwona? Na huyo ndiye anataka tumwandikie kwamba ni mtu mwema."