Tata Muamba na Saini za Watu wa Roketi

Tarehe 30 Juni 2006, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, Tata Muamba Tharcisse atafunga kwa mara ya mwisho dirisha la stempu la posta yetu ya Kolwezi. Ingekuwa miaka thelathini na tisa, lakini sita hakuwa nasi, na hakuondoka kwa kupenda.

Alizaliwa Kapata, kwenye safu za nyumba za kampuni, baba yake akiwa ameletwa kutoka mkoa wa Kasai kuchimba shaba. Aliajiriwa kuuza stempu, akapatwa na ugonjwa wa bahasha. Roketi ya Wasovieti ikiruka, posta yao hugonga bahasha muhuri wa siku hiyo, na zile chache zilizosainiwa na wanaanga wenyewe hutafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima. Mwaka 1978 Tata Muamba aliandika Moscow kuomba moja. Jibu lilichukua miezi kumi na minne, likaja na saini ya wino wa buluu. Mwezi mzima hakuna aliyeuziwa stempu kabla ya kuonyeshwa saini hiyo.

Basi akawa hakimu wa saini. Siku moja mkuu wetu, Bwana Stany Mukalay, alinunua bahasha yenye saini tatu, akaita ofisi nzima tuje tushangae. Tata Muamba aliinama na lenzi yake, kisha akasema kwa heshima zote: "Chef, haba bantu batatu banasaini na mukono moja." Tulicheka mpaka wateja wakachungulia. Bwana Stany hakumsalimia wiki nzima.

Mwaka 1993 kicheko kilikwisha. Migodi ilikuwa inakufa, na watu wenye asili ya Kasai wakaambiwa warudi kwao, hata waliozaliwa hapa. Tata Muamba alitolewa nyumbani asubuhi, chai ikiwa mezani. Yeye, mke wake Mama Laure na watoto wanne walilala wiki nyingi kando ya stesheni, chini ya turubai, wakingoja treni. Bwana Stany, ambaye si Mkasai, aliwapelekea unga kwa baiskeli, akipita katikati ya watu waliomzomea.

Hapo stesheni alifika mfanyabiashara mwenye lori na bahasha kumi na mbili za saini, akitaka kuziuza Ulaya. Alitaka karatasi moja tu ya Tata Muamba, mtaalamu, isemayo zote ni halali. Akiiandika, familia yote ingepanda lori kesho yake.

Tata Muamba akazitazama moja moja. Saini za kumi na moja zilifanana mpaka mkwaruzo wa mwisho, na hakuna mkono wa binadamu unaosaini hivyo.

"Andika tu, Tata Mbuyi," Mama Laure alimwambia, akimwita kwa jina la kifungua mimba wao. "Ule muntu wa mu roketi atakuya huku kukuuliza?"

"Nyumba banatunyanganya, kazi banatunyanganya," akajibu. "Jina nayo nitaipana mi mwenyewe?"

Akaandika: moja ni ya kweli, kumi na moja ni za uongo. Mfanyabiashara akaichana karatasi, na lori likaondoka na watu wengine.

Walingoja siku kumi na tisa zaidi, mvua ikinyesha. Mama Laure akashikwa na malaria. Walifika Mwene-Ditu, huko Kasai, wote wazima, namshukuru Mungu, lakini mpaka treni ilipofika Kamina, katikati ya njia, mama hakumsemesha mumewe hata neno moja.

Mwaka 1999 Bwana Stany ndiye aliyeandika barua ya kumrudisha kazini. Tata Muamba alirudi amekonda, akaagiza miwani mipya, akaanza kumfundisha Abigaëlle, anayechukua dirisha Jumatatu. Katika miaka yake yote humu, hakuna kifurushi kilichopita mikononi mwake kikapotea.

Nilipokuwa naandaa wasifu huu nilimwendea Mama Laure kumuuliza kama ameshamsamehe kwa lile lori.

"Bado," alisema, huku akichekecha unga. "Lakini mumuache sasa akuye ku nyumba. Tutamalizia palepale."

Tata Muamba, asante kwa yote. Nenda ukamalize maneno hayo polepole, na Mungu awape miaka mingi ya kuyazungumza.

Ernestine Kabemba, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako